Mvua Iliyonirudisha Eda

Mume wangu alipokufa, wifi yangu alikuja na marikani nyeupe kwapani, akaketi akanishonea magauni mawili kwa mkono wake. Hakunipima. Alinitazama tangu juu hata chini, kama mtu anayetazama gunia analotaka kulifunga, kisha akakata. La kwanza lilinibana kwapani. La pili likanibana zaidi. Nikamwambia, "Wifi, aliyekufa ni kakako. Mie mikono bado ninayo."

Hakucheka. Wifi yangu hacheki. Tangu nilipoolewa kwao sijayaona meno yake ila akila mahindi. Akasema kwa ile sauti yake ya kupitia puani, kila neno amelikunja kama shuka: "Eda si harusi, bibie. Miezi minne na siku kumi. Hutoki. Hutii hina, hutii wanja, hujifukizi, huvai rangi. Kakangu alikuwa mtu, hakuwa paka."

Mambo hayo hakuwa na haja ya kuniambia. Yule bwana tuliishi naye mpaka tukafanana, na kumkalia eda nilitaka mwenyewe. Lakini kutaka kukaa ni jambo moja, na kukaa kwenyewe ni jambo jengine.

Nyumba yetu iko Mambrui, ya mawe ya zamani, kuta nene hata ukipiga kelele chumbani, mtu wa ukumbini atadhani unaota. Mbele kuna dirisha moja la mbao linalotazama njia. Nyuma kuna uwa, na uwa una ukuta unaonipita kichwa. Nikatoka chumbani nikaenda ukumbini, nikatoka ukumbini nikaenda uwani, nikatoka uwani nikarudi chumbani. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu. Kuku alinishinda kwa kutembea, maana yeye aliruka ukuta.

Mtu akikaa eda, watu wote huwa sauti. Niliwajua kwa vikohozi. Nilijua nani ana ndara iliyokatika, nani amegombana na mkewe akatoka bila chai, pikipiki gani ni ya nani. Mwanangu wa kiume akipita dirishani husema, "Mama, uko?" Nami humjibu, "Hapana, nimekwenda Mombasa, nitarudi magharibi." Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anasema tu, "Haya, mama."

Kilichonifanya nihesabu siku ni binti yangu, kitindamimba. Ameolewa Gongoni na kijana anayefanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi. Mimba yake ya kwanza iliharibika, kwa hiyo hii ya pili aliibeba kama mtu aliyebeba sinia la glasi. Miguu ilimvimba, na daktari akamwambia asiondoke karibu na hospitali mpaka ajifungue. Basi kuja kwangu hawezi, na mie kwenda kwake siwezi. Gongoni si mbali, pikipiki hujapata hata kuchoka kukaa umeshafika. Lakini kwangu ilikuwa kama Maka.

Tulihesabu sote wawili kwenye simu. Eda itaisha, kisha itabaki kama wiki, kisha atazaa. Kila akipiga huniuliza, na ana sauti nyembamba ile, ya mtu anayeongea huku ameshika mlango asiudhi waliolala: "Mama, utakuja?"

"Nitakuja."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nani mwengine atakayekushika kiuno? Mama mkwe wako ana mikono kama koleo."

"Mama, anakusikia."

"Basi mwambie koleo ya moto."

Zilikuwa zimebaki wiki chache tu ndipo ikanyesha ile mvua.

Siku hiyo upepo ulivuma tangu asubuhi, mkavu, wa kumtia mtu mchanga kwenye meno. Alasiri pakaingia giza, na halikuwa giza la wingu tulilolizoea. Mbingu ilikuwa rangi ya chungu kilichotoka kuchomwa. Gauni langu moja lilikuwa kwenye kamba na la pili nimelivaa, nikakimbia uwani kulianua, kama magoti haya yanaweza kuitwa yanakimbia. Matone yakaanza, makubwa, machache, mbali mbali. Ukuta wa uwa wetu umepakwa chokaa. Nikaona ukuta unachuruzika wekundu. Nilidhani nimejikata mahali, nikajitazama mikono, nikajitazama miguu. Mzima. Nikatazama gauni kwenye kamba, lina madoa. Nikajitazama kifuani, nina madoa.

Ningeweza kuingia ndani. Sikuingia. Nilisimama pale na gauni mkononi mpaka nikaloa, maana tangu nilipoanza eda hakuna kitu kigeni kilichokuwa kimeingia kwenye uwa ule, na hiki kilikuwa kimekuja chenyewe.

Ng'ambo ya ukuta anakaa jirani yangu, mama wa Kigiriama aliyezaliwa Sabaki, muuza mihogo. Huyo sauti yake inatoka tumboni. "Mama. Mama ee. U mzima? Mino huku nanyeshewa mvula ya manjano."

"Huku nyekundu."

"Manjano."

"Nakwambia nyekundu. Mie niko ndani yake."

"Na mino niko ndani ya nini?"

Tukabishana hivyo, kila mtu na ukuta wake, mpaka ikakatika. Haikudumu. Baadaye nikasikia kwamba upande wa baharini haikuanguka kabisa, watu walikaa barazani wanacheza bao.

Chumba cha pembeni mwa nyumba yetu amepanga mwalimu, kijana wa bara, mpole sana, ila Kiswahili hukishika kama mtu aliyeshika kaa. Akaja dirishani. "Nyanya, umeona hiyo maji? Usiogope. Hiyo ni vumbi. Iko jangwa huko mbali, upepo inabeba hiyo vumbi juu kabisa, mvua ikikuja inashuka na yeye."

"Vumbi la wapi, mwanangu?"

"Inaweza toka hata Somalia. Inaweza toka hapa tu Marafa, kwa ile mawe nyekundu."

"Na imenijia mie na eda yangu."

"Imekujia wote, nyanya."

Nikakinga maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye makuti ya jiko, nikayatia kwenye glasi, nikaiweka dirishani. Asubuhi chini kumetua tope laini, jekundu, unaweza kumpaka mtoto usoni. Mwalimu akafurahi kama ameozeshwa. "Unaona? Vumbi." Lakini maji ya juu yalikuwa bado na rangi, rangi ya chai iliyotiwa maji mara mbili. Nikamwuliza, "Na huku juu ni vumbi la nani?" Akakuna kichwa, nilisikia kucha. Akasoma kwenye simu yake, akarudi. Akasema huenda ni mbegu za kuvu, au za ule ukijani unaoota kwenye mawe na magome, ila kuna aina zake nyekundu, ndogo hazionekani, zinapanda na upepo zikashuka na mvua. "Ama ni hayo makuti yako, nyanya. Makuti pia iko na rangi."

Hilo la makuti lilinikaa. Lakini kamba ya nguo haiko chini ya makuti.

Magauni yale niliyafua kwa sabuni, nikayafua kwa ndimu, nikayaanika juani, nikayafua tena. Wekundu ukatoka, ukaacha uwaridi. Si uwaridi wa madoa, ambao mtu angeelewa. Kwa kusugua kwangu niliueneza gauni zima, sawasawa, kama nimenunua hivyo. Nilipolivaa nikajiona kama bi harusi wa mara ya tatu.

Ijumaa wifi akaja. Anakaa Malindi, na kila Ijumaa huja kutazama eda yangu, anavyokwenda mtu kutazama shamba. Akavua viatu, akainua uso, akasimama. Hakunisalimu.

"Hiyo ni nini?"

"Mvua, wifi."

"Mvua."

"Ilinyesha nyekundu. Juzi."

"Malindi halikuanguka tone. Tumeanika mpaka magodoro." Akashika pindo la gauni, akalipeleka puani, akalinusa. "Umetia hina. Umejutia, ukafua, haikutoka."

"Nitie hina gauni zima? Kwani nimekuwa kucha?"

"Sijui wewe umekuwa nini. Najua kakangu hajaisha kukauka kaburini na mkewe amevaa waridi."

Hapo sikuwa na mzaha. Nikamwita jirani kwa juu ya ukuta, nikamwambia mwanangu aje, nikamwomba mwalimu asimame dirishani kwa nje, nyuma ya mbao. Nikasema, haya, walioona waseme. Wifi akakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kama kadhi.

Jirani akaingia anafuta mikono kwenye leso. Akaulizwa rangi. Masikini, ni mtu mkweli. "Ilikuwa manjano, mama. Kwa turubai langu la mihogo, vidoa vidoa. Na mino najua ni nini. Ni nyuki. Nyuki wakitoka wengi, wanakunya angani. Kwetu tuliona mara moja, majani ya mpapai yote yakapata madoa."

"Kwa hiyo," wifi akasema, "wifi yangu amenyewa na nyuki."

"Ee."

"Magauni mawili."

"Walikuwa wengi, mama."

Mwalimu nyuma ya mbao hakuweza kuvumilia. "Hapana, hapana, hiyo ya nyuki iko, lakini hii si hiyo. Hii ilikuwa kama rangi ya udongo, kahawia hivi. Ni vumbi."

"Kahawia," wifi akasema.

"Ndiyo, shosho. Na kitu kidogo ya kuvu."

Nikamletea ile glasi. Nikaibeba kwa mikono miwili. Wifi akaitazama, akaitikisa, tope likapanda, maji yote yakawa mekundu. Akaniwekea chini mbele yangu. "Maji ya mto Sabaki haya. Nani asiyeyajua? Mtoto wa miaka mitatu anayajua."

Na kweli, ukiniletea glasi mbili, moja ya mto na moja ya mbinguni, mie mwenyewe nisingeapa.

Mwanangu akampigia mkwe wangu Gongoni, akaiweka simu iseme kwa wote. Mkwe wangu ana adabu mpaka inachelewesha mazungumzo. "Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Hamjambo nyote? Poleni na siku. Huku kwetu, shangazi, maji ya chumvi yakikaribia kukauka huwa mekundu, au ya waridi, mabwawa mazima. Kuna vidudu vidogo sana vinapenda chumvi. Sasa upepo ule ulikuwa mkali, unapeperusha povu. Nafikiri ndiyo yaliyofika huko."

Mie nilikuwa nimeyaonja yale maji kwa ncha ya ulimi siku ile ile. Hayakuwa na chumvi. Nikanyamaza, maana huyu alikuwa shahidi wangu.

Wifi akasema, "Wewe uliiona hiyo mvua, mwanangu?"

"Hapana, shangazi. Huku Gongoni haikunyesha."

"Haya, baba. Rudi kazini. Msalimie mkeo."

Akakunja miguu. Akahesabu kwa vidole, na sauti haikupanda hata kidogo, ndiyo iliyoniumiza. "Mmoja manjano, nyuki. Mmoja kahawia, vumbi na kuvu. Mmoja chumvi, na hakuwapo. Na mwenye gauni anasema nyekundu. Mwizi wa kuku akiwa na mashahidi kama hawa, atafungwa yeye na kuku." Akasimama, akavaa viatu. "Eda inaanza leo. Nitakuletea marikani nyengine."

Walipoondoka nilikaa pale pale. Nilifikiria kwamba kama wote watatu wangesema "nyekundu, hatujui kwa nini," ningekuwa nimepona. Walinifunga kwa kunisaidia. Kila mmoja alitaka kueleza, na kila maelezo yalipoongezeka, mvua yenyewe ikapungua, mpaka mwisho ikawa haikunyesha.

Binti yangu akapiga. Mumewe ameshamwambia. "Mama, ati unaanza upya?"

"Nani kasema?"

"Mama."

"Usijali. Wewe shikilia huyo asitoke kabla yangu."

Mwanangu akaenda kwa sheikh. Hilo nilimtuma mie. Sheikh wetu ni mtu wa kukohoa kabla ya kila neno, na mwanangu alirudi na maneno yote pamoja na vikohozi, kama nilivyomfundisha. "Mwambie mamako, ehem, eda ni siku. Siku, ehem, haziulizi mtu amevaa nini. Zinapita. Ikiwa alivaa rangi kwa kusudi, hilo ni baina yake na Mola wake. Ikiwa ni mvua, basi ni mvua. Itaisha siku yake ile ile."

Nilicheka nikalia pamoja. Nikamwambia mwanangu ampigie shangazi yake, amweleze.

Akampigia. Nilimsikia wifi kutoka mbali, sauti ya puani kwenye simu inakuwa nyembamba kama uzi. "Sheikh amesema la sheikh. Simpingi. Atoke siku hiyo. Ila mimi sitakuja kumwosha."

Sasa kwetu mwanamke hatoki eda kama anayetoka chooni. Huoshwa. Hukalishwa, akaoshwa na mwanamke wa upande wa marehemu, mkubwa wao, akafukizwa, akavishwa nguo mpya, akatolewa mlangoni akishikwa mkono. Dini haikusema lazima. Lakini mjane akitoka hajaoshwa na watu wa mumewe, wote wanajua maana yake, kwamba wale watu hawamtaki tena. Na upande wa mume wangu amebaki wifi huyo mmoja.

Siku ikafika. Nilijiogesha mwenyewe alfajiri, nikavaa lile gauni la waridi, marikani mpya wifi hakuileta, nikakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Mlango haukuwa na kufuli. Ulikuwa umerudishwa tu, na mwanga unapita chini. Ningeusukuma kwa kidole.

Jirani akaja. "Mama, twende nikuoshe mino. Maji ni maji."

"Wewe si wa kwao."

"Na wao wako wapi?"

Mwanangu akaja adhuhuri, akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima mwenye ndevu. "Mama, ngoja kidogo. Nimeongea naye. Hajakubali, hajakataa. Ukitoka leo hivi, shangazi hatakanyaga tena hapa, na yeye ndiye baba aliyetubakia. Ngoja tu."

"Na dadako?"

"Bado ana siku, mama. Daktari alisema."

Nikangoja. Nikatoka chumbani nikaenda ukumbini, nikatoka ukumbini nikaenda uwani. Mie niliyekuwa huru. Mtu akifungwa na eda anajua itaisha. Hii nyengine haikuwa na hesabu, ilikuwa ndani ya kichwa cha mwanamke mmoja huko Malindi. Nilijiona natoka, napanda pikipiki, na maneno yananipita njiani yakifika Gongoni kabla yangu: hakuweza hata kungoja aoshwe. Na yangemfika mume wangu pia, nilifikiri hivyo, ingawa najua wafu hawana simu.

Kesho yake binti akapiga mapema. Sauti haikuwa ile ya kushika mlango. "Mama, tumbo linakaza."

"Linakaza na kuachia?"

"Ee."

"Hayo ya kupita. Tembea tembea."

"Utakuja?"

Sikusema wallahi. Nikasema, "Tembea, mwanangu."

Nilizunguka mlango ule mpaka adhuhuri, kisha nikavaa buibui. Nikavaa viatu, ambavyo vilikuwa vimeota vumbi. Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango ndipo mlango ukasukumwa kwa nje, na wifi akaingia na kikapu.

Akatazama buibui. Akatazama viatu. Nikajitayarisha kwa ile sauti. Akasema tu, "Vua. Maji yako wapi?"

"Wifi, mtoto ana uchungu."

"Basi tufanye haraka."

Akanikalisha uwani kwenye kigoda. Akanimwagia maji kichwani, akatia sabuni, akanisugua. Ana mikono migumu, wifi yangu, lakini siku hiyo alinisugua kama mtu anayeosha kitu cha mwenyewe. Akaosha masikio. Akaosha vidole kimoja kimoja. Nilikuwa nahesabu kila kiungo, nikiona kipi kimebaki.

Akiwa nyuma yangu, simwoni, akasema, "Ile haikuwa hina. Hina naijua."

Povu lilikuwa machoni. "Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Akamwaga kata ya maji. Akachota nyengine, hakuimwaga. Na ile sauti ya puani, ambayo nimeiigiza miaka yote hata mbele ya mume wangu mpaka akaniomba niache, ikatoka kifuani, sauti ya mtu nisiyemjua. "Wewe ukitoka mlango ule, hakuna tena mtu aliyekaa kwa ajili yake. Itakuwa amekufa tu."

Nikashika ukingo wa kigoda, nikainamisha kichwa apate kumwaga.

Simu ikalia ndani. Nikataka kuinuka, macho yananiwasha, sabuni miguuni, nikateleza nikarudi kwenye kigoda. Wifi akaenda. Nilimsikia akijifuta mikono, kisha nikamsikia: "Ndiyo. Ni mimi, shangazi yako. Anaoga. Ndiyo. Saa hizi? Mzima? Na yeye mwenyewe? Alhamdulillahi. Nani alimshika? Haya. Mama mkwe. Haya, baba."

Akarudi. Alisimama mbele yangu na kata mkononi, nami nilimwona kwa jicho moja tu, jingine limefumba.

"Mwanamke," akasema. "Wote wazima."

Nikainuka. Akaweka mkono begani, akanikalisha.

"Kaa," akasema. "Mgongo bado."